Fomu ya Kurasa Nne

Jina: Kitsao Ngumbao.
Umri: arubaini na sita, au saba;
mamake alihesabu kwa mwaka wa njaa, chifu akahesabu kivyake.
Makazi: Ganda, ukishapita shule,
nyumba yenye mlango uliofungwa kwa kamba.
Kazi: mpishi.
Hapo kalamu ilisita.
Hoteli ilifungwa mwaka wa tano huu,
bwawa la wageni limeota nyasi,
lakini hakusema "nilikuwa".
Nikaandika alivyosema.

Saa kumi na moja alfajiri, hospitali ya Malindi.
Dadake, Nyevu, yuko karibu na mlango,
mkoba mapajani, kama anayengoja kesi yake itajwe.

Nyoosha mikono.
Nikalaza karatasi juu ya vidole vyake
nayo ikaanza kuchakarika peke yake.
"Hii," akasema, akiitazama kama ya mtu mwingine,
"ilikata tambi nyembamba hadi Muitaliano
akaziinua kwenye taa, akanyamaza."
Mapigo: mia na kumi na nane.
Jasho: lipo.
Weupe wa macho umeingia binzari.
Ini nimelikuta vidole viwili chini ya mbavu;
akaguna, kisha akaomba radhi kwa kuguna.

Kiasi gani kwa siku?
Fomu inataka chupa.
Yeye anahesabu kwa mboko,
na mboko ya Baya ina tumbo,
ya yule mjane wa Kwa Ndomo ni shingo tupu.
Tukawa tunageuza vibuyu kuwa lita,
wachuuzi wawili wasioaminiana,
hadi Nyevu aliposema, uso chini:
"Andika, yote."

Asubuhi unazimua?
"Sista, nisipozimua, asubuhi siipati."

Mara ya mwisho?
Jana, saa mbili usiku.
Basi saa zinatembea, na najua ziendako:
kesho kutwa wadudu ukutani,
na salamu kwa watu wasiokuwepo.
Kitanda cha sita, mkabala na meza yetu. Taa isizimwe.
Sindano ya vitamini kwanza, ndipo maji ya sukari;
hilo mwalimu wangu alilisema akigonga meza.

Ukurasa wa tatu. Usingizi. Madeni.
Mke: yuko Kilifi kwa kaka yake, na kitinda mimba.
Umewahi kufikiria kujitoa uhai?
Swali hili huwa naliuliza kalamu ikiwa chini.
Alitazama viatu vyake muda mrefu.
"Kamba nilinunua."
Iko wapi?
"Nimefungia mlango."
Ndipo Nyevu alipoinua uso.
Mlango ule ameufungua mara ngapi,
akipeleka samaki, akipeleka sabuni,
akililaumu fundo kwa kukazwa mno.

Ukurasa wa nne. Dini: visanduku viwili.
Akacheka, meno yakagongana.
"Na wale ninaowamwagia tone la kwanza,
utawaweka kisanduku gani?"
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:
"Mbeyu wangu anaposwa mwezi wa nane.
Watakuja na kadzama. Mnazi huo lazima baba auonje,
ndipo maneno yaanze.
Nikiacha, sista,
nitaupokea kwa mdomo wa nani?"

Maswali ya mteja: mstari mmoja,
mfupi kuliko jina langu.
Miaka kumi na mbili nimejaza fomu hii
na sikuwa na jibu la kumpa.
Ningeweza kusema "tutaona". Huwa tunasema.
Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma kwa penseli:
waitwe ami zake, kabla ya dawa kumalizika,
waulizwe hili wakiwa wameketi.
Na chini yake: kamba. Leo. Nyevu.

Uji ukaja. Akashika kikombe kwa mikono miwili,
nusu ikamwagika shukani,
akalamba mdomo, akakunja uso.
"Nani kapika huu? Amesahau chumvi."

Hamu ya chakula: hana.
Nikaongeza, nje ya kisanduku:
lakini anaonja.